Mwamba Juu ya Udongo

Mazungumzo ya ibada katika redio
Masomo: Luka 6:46–49, Waebrania 11:8–10

Kama una Biblia karibu nawe, ifungue pamoja nami katika Injili ya Luka, sura ya 6, kuanzia mstari wa 46. Hapo Bwana Yesu anawauliza watu sababu ya kumwita Bwana, hali hawatendi aliyowaambia. Kisha anawapa mfano wa wajenzi wawili. Mfano huu twaufahamu sote. Watoto wetu wa shule ya Jumapili huuigiza kwa mikono yao. Lakini Luka ameeleza jambo moja ambalo Mathayo hakulitaja, nasi mara nyingi twalipita mbio. Anasema kwamba yule mjenzi mwenye busara hakuanza kupanga mawe mpaka alipokwisha kushuka ndani ya ardhi na kuufikia mwamba. Maana yake, mwamba haukuwa wazi mbele ya macho yake. Aliutafuta kwa jembe na kwa jasho.

Leo, ndugu zangu, nataka tuutafakari mfano huo kwa kukitembelea kijiji kimoja kilichojengwa juu ya kilima, katika nchi ya mbali. Kijiji hicho chaitwa Civita di Bagnoregio. Kiko Italia, kama kilomita 120 kaskazini ya mji wa Roma. Watu wa huko hukiita mji, kwa kuwa zamani kilikuwa mji kweli, wenye askofu na wakuu wa serikali. Lakini usifikiri Nakuru wala Kisumu. Mtu aweza kutembea toka upande mmoja hata upande wa pili kwa dakika chache tu, bila kutokwa na jasho.

Kilianzishwa na watu walioitwa Waetruski, ambao walikaa katika nchi hiyo kabla ya Warumi kuitawala. Hiyo ni zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Nyumba nyingi unazoziona leo ni za Zama za Kati, yaani zile karne ambazo watu wa Ulaya walipenda kujenga juu ya vilima ili kujilinda na adui. Hawakuwa wajinga. Aliye juu humwona adui toka mbali, naye adui hufika langoni akiwa amechoka.

Mimi nilifika huko pamoja na makasisi wenzangu wawili, tulipokuwa na siku moja ya mapumziko baada ya mkutano Roma. Gari haliwezi kufika Civita. Linakuacha Bagnoregio, mji wa jirani ulioko upande wa pili wa bonde, na kutoka hapo ni miguu yako. Ukifika mwisho wa barabara, ghafula bonde linafunguka mbele yako, na katikati yake umesimama mlima mdogo, peke yake, kuta zake zimekwenda wima kama zimekatwa kwa panga. Juu yake nyumba za mawe zimebanana, na mnara wa kengele umechomoza katikati. Ni kama kisiwa, ila badala ya maji kimezungukwa na hewa tupu. Bwana wetu alisema kwamba mji uliojengwa mlimani hauwezi kufichika. Nilipokiona kijiji kile nilifahamu maneno hayo kwa macho.

Njia ya kuingia ni moja tu, nayo ni daraja la zege lenye urefu wa kama mita 300, jembamba, la waendao kwa miguu. Lilijengwa mwaka 1965. Lililokuwapo kabla yake liliharibiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwanzoni daraja linakwenda polepole, lakini mwishoni linapanda kwa nguvu, hata wazee husimama mara mbili tatu kuvuta pumzi. Ndugu zetu wa Taita na wa Elgeyo, waliozoea kupanda milima toka utoto, wangelicheka.

Ukisimama katikati ya daraja na kutazama huku na huku, unaiona nchi yote inayokizunguka kijiji. Mbali kuna mashamba ya mizeituni na mizabibu, na misitu ya kijani kibichi. Upande wa magharibi, usioonekana kutoka hapo, liko Ziwa Bolsena, ziwa kubwa lililojaa maji mahali palipokuwa na volkeno zamani sana. Lakini karibu nawe, chini kabisa ya miguu yako, nchi ni nyingine. Ni makorongo matupu ya udongo wa rangi ya kijivu, yenye kingo nyembamba kama makali ya kisu, ambapo nyasi zenyewe zashindwa kushika. Msikilizaji wa Baringo au wa Pokot Magharibi hahitaji kuelezwa zaidi. Ardhi iliyoliwa na maji anaijua.

Tukavuka, tukaingia langoni. Lango hilo limekatwa katika mwamba wenyewe. Juu yake wamechongwa simba wawili wa mawe, kila mmoja ameshika kichwa cha mtu kwa makucha yake. Ni kumbukumbu ya siku wenyeji walipowaasi wakubwa waliowatesa. Ndani, vichochoro vya mawe vimepambwa maua katika vyungu, na katikati kuna uwanja, na mbele ya uwanja kanisa la Mtakatifu Donato, ambalo zamani lilikuwa kanisa kuu la askofu. Yote ni mazuri. Kuna mahali, hata hivyo, unapoona ukuta wa jumba la kitajiri, wenye mlango mzuri na madirisha mazuri. Ukichungulia dirishani huoni chumba. Unaona mbingu. Nyumba yote nyuma ya ukuta ule ilikwisha kuanguka bondeni, ukabaki uso wake tu.

Je, kilitokea nini? Hapa ndipo penye somo letu, nami naomba mnisikilize kwa makini.

Kilima cha Civita kina tabaka mbili. Juu kuna mwamba uliotokana na majivu ya volkeno yaliyoshikamana na kuwa jiwe. Mawe ya kujengea yachimbwayo Ndarugu, karibu na Juja, yana asili kama hiyo. Jiwe hilo ni zuri. Lakatika kwa urahisi, nalo labeba nyumba bila taabu. Waetruski walichimba humo makaburi na njia za chini kwa chini, na watu waliokuja baadaye wakayageuza mapango hayo kuwa ghala za divai na mazizi ya punda. Mtu akisimama juu ya jiwe lile na kupiga mguu chini, asema, “Hapa ni imara.” Naye hasemi uongo.

Lakini mwamba huo haukushuka mpaka chini. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi, uliokuwa tope la bahari katika zamani za zamani. Udongo huo ukikauka hupasuka, ukilowa huteleza. Na huko chini, pande mbili za kilima, vyapita vijito viwili. Kimoja chaitwa Rio Chiaro, maana yake mto wa maji safi. Cha pili chaitwa Rio Torbido, maana yake mto wa maji machafu. Si mito mikubwa kama Tana au Athi. Ni vijito. Lakini mchana na usiku, masika na kiangazi, vimeendelea kuutafuna udongo ule. Na mvua nayo yausaidia mto. Udongo ukiondoka, mwamba wa juu hubaki ukining’inia bila kitu chini yake, hata siku moja unapasuka na kuanguka pamoja na yote yaliyojengwa juu yake.

Zamani Civita na Bagnoregio viliungana kwa mgongo wa ardhi. Mtu aliweza kupita na punda wake bila daraja lolote. Mgongo huo ukamomonyoka kidogo kidogo, hata ukawa bonde. Mwezi wa Juni mwaka 1695 lilitokea tetemeko kubwa la nchi. Nyumba zikaanguka, watu wengi wakahama. Askofu na wakuu wa mji wakahamia Bagnoregio. Waliobaki wakawa wachache, na wengi wao wakulima maskini. Katika karne ya 20 vijana nao wakaondoka kutafuta kazi mahali pengine. Mwandishi mmoja mzaliwa wa Bagnoregio, Bonaventura Tecchi, aliyefariki mwaka 1968, akakiita mji unaokufa, na jina hilo limeshika hata leo.

Sasa angalieni, ndugu zangu. Watu hawa hawakujenga juu ya mchanga. Walijenga juu ya mwamba! Kama wangeulizwa, wangejibu kwa moyo safi kwamba msingi wao ni jiwe. Shida ilikuwa chini ya jiwe.

Mimi naogopa kwamba wengi wetu tumo katika hali hiyo hiyo. Tukihubiriwa juu ya nyumba ya mchangani, twawafikiria watu wa nje: walevi, wezi, wasioingia kanisani. Sisi twajihesabu kuwa watu wa mwambani. Na kweli tuna kitu kigumu chini ya miguu yetu. Mmoja alibatizwa akiwa mtoto mchanga, akathibitishwa na Askofu. Mwingine baba yake alikuwa katekista, na jina la ukoo wake limeandikwa katika jiwe la msingi la kanisa. Mwingine amekuwa mzee wa kanisa miaka 20. Mama mmoja havui kitambaa chake cha Umoja wa Akina Mama. Hayo yote ni mawe mazuri, wala siyadharau. Lakini swali la Bwana Yesu ni hili: chini ya hayo kuna nini? Je, ulichimba mpaka ukamfikia yeye mwenyewe, au ulisimama ulipogonga kitu kigumu cha kwanza, ukasema, “Hapa panatosha”?

Mtu aweza kukaa juu ya imani ya baba yake miaka mingi bila kuanguka. Imani ya baba ni jiwe. Lakini kama chini ya jiwe hilo hana toba yake mwenyewe, hana utii wake mwenyewe, ni mwamba juu ya udongo. Siku ya tetemeko itakapokuja, siku ya kufiwa, siku ya kuachishwa kazi, siku ya daktari kutoa habari nzito, ndipo atakapojua alisimama juu ya nini.

Jambo la pili nataka tujifunze kwa vile vijito. Kijiji kile hakikuharibiwa na tetemeko peke yake. Tetemeko lilikuja siku moja tu, lakini vijito vilikuwa vimefanya kazi yake karne nyingi kabla ya siku hiyo. Watu hukumbuka mwaka 1695 kwa sababu siku ile ilikuwa na kishindo. Nani angeandika katika kitabu kwamba leo mto umechukua kikapu kimoja cha udongo?

Ndivyo yalivyo maanguko yetu. Twasikia kwamba ndugu fulani ameanguka. Ametoroka na fedha za harambee, au ameiacha nyumba yake na kwenda kuishi na mwanamke mwingine. Watu hushika vichwa, husema, “Jamani, ameanguka ghafula!” Hapana, msikilizaji. Hakuna aangukaye ghafula. Kulikuwa na kijito. Shilingi mia alizokopa katika bahasha ya sadaka akisema atazirudisha Jumatatu. Salamu alizotuma kwa siri, kisha akazifuta katika simu. Ugomvi na mkewe ambao haukusemwa, ukalala nao kitandani miezi mitatu. Maombi ya jioni yaliyoachwa kwanza siku za kazi nyingi, halafu siku zote. Kila siku kikapu kimoja cha udongo. Na juu, nyumba yaonekana nzuri vilevile. Maua yako dirishani, simba wako langoni. Hata siku moja unabaki uso tu, kama ukuta ule niliowaambia, na ukichungulia dirishani huoni nyumba.

Tena kuna jambo katika historia ya mahali pale ambalo lilinigusa sana. Wasomi wa habari zake wasema kwamba Waetruski wa zamani waliijua hatari hiyo. Walichimba mifereji ya kuongoza maji ya mvua, wakavizuia vijito visile kando ya kilima. Warumi waliokuja baadaye wakaendelea na kazi hiyo. Lakini vizazi vilivyofuata vikaiacha. Mifereji ikazibika. Miteremko ikalimwa bila uangalifu na miti ikakatwa. Mababu waliijua dawa, wajukuu wakaisahau.

Ninyi wakulima wa Machakos na Makueni mwajua habari hizi kuliko mimi. Mwajua taabu ya kuchimba mitaro ya fanya juu kwa jembe na sururu, kwa vikundi vya mwethya, hata milima iliyokuwa imekwisha kuwa mekundu matupu ikarudi kuwa kijani. Na mwajua kwamba mtaro hauchimbwi mara moja tu. Baada ya mvua lazima urudi kuuzibua. Ukiuacha misimu michache, maji yatakata njia yake yenyewe, na korongo litaanza tena.

Basi katika nyumba zetu mifereji ile ni ipi? Ni sala ya pamoja kabla ya kulala, hata ikiwa fupi. Ni Neno la Mungu kusomwa mezani. Ni mume na mke kusameheana kabla jua halijatua, kama Mtume Paulo alivyowaagiza Waefeso. Ni kuungama dhambi kwa Mungu ingali ndogo. Babu zetu walioipokea Injili kwanza walikuwa na mifereji hiyo. Wengi hawakujua kusoma mpaka walipokuwa watu wazima, lakini jioni wimbo ulisikika katika nyumba zao. Je, katika nyumba yako wimbo huo wasikika bado, au mfereji umezibika?

Jambo la tatu, ndugu zangu, ni la kutia huzuni na la kutia tumaini pamoja. Civita, kilichoitwa mji unaokufa, leo kimejaa watu. Mwaka 1965 kilipata daraja lile, na baadaye wageni walianza kuja kukitazama kwa sababu ya uzuri wake. Mwaka 2013 wakuu wa Bagnoregio waliamua kila mgeni alipe euro moja na nusu kuvuka daraja. Baadaye ada ikapanda mpaka euro tano. Wageni hawakupungua. Kwa mwaka wamefika mamia ya maelfu. Fedha zao zinasaidia kukitunza kijiji, nayo ni baraka. Tena mafundi wamepiga vyuma virefu ndani ya mwamba ili kuushikilia usipasuke zaidi, na liko jumba la makumbusho linaloonyesha jinsi maporomoko yanavyotokea. Watu hawakukata tamaa. Nawasifu kwa hilo.

Lakini wakaaji je? Watu walalao mle mwaka mzima hawafiki hata 20. Mchana vichochoro vimejaa. Jioni, wageni wakivuka daraja kurudi kwenye magari yao, milango hufungwa na kijiji hunyamaza. Kasisi mwenzangu mmoja alitazama umati ule uwanjani, watu wanapiga picha za kanisa, akaniambia, “Ndugu, hawa wote wamekuja kutazama. Jioni ni nani atabaki kuwasha taa?”

Neno hilo sikuliacha kule. Nimerudi nalo nyumbani, na kila nisimamapo mimbarani kwa arusi au kwa mazishi, linanijia. Kanisa limejaa mpaka nje. Hema zimefungwa uani. Magari yamejipanga mpaka barabarani. Kisha Jumapili inayofuata wanabaki akina mama wazee wachache, watoto, na mzee mmoja wa kukusanya sadaka. Wengine wote walikuwa wageni. Walilipa ada yao, wakatazama, wakavuka daraja. Kanisa laweza kuishi kwa wageni kwa muda. Laweza hata kupata fedha nyingi kwao. Lakini haliwezi kuitwa hai kama halina wa kulala ndani yake. Katika sura ya 2 ya Waraka kwa Waefeso, Mtume Paulo anawaeleza Wakristo kwamba wamekwisha kutoka katika hali ya ugeni na kufanywa watu wa nyumbani mwake Mungu. Swali langu kwako ni hili: katika nyumba ya Mungu, wewe ni mwenyeji au ni mtalii?

Na katika boma zetu je? Wako wazazi wanisikiao saa hii ambao nyumba yao nzuri ya mawe, iliyojengwa kwa fedha za watoto walioko Nairobi au ng’ambo, hufunguliwa Krismasi tu. Vyumba vitano, naye mama analala jikoni karibu na moto kwa sababu ya upweke. Kijana, unisikilize. Kutuma fedha ni vyema, nako ni kulipa ada ya daraja. Lakini mama yako hakuzaa mgeni. Mpigie simu leo. Ukipata likizo, uende ukae naye, umsikilize hadithi zile zile alizokwisha kukuambia.

Labda mtu ataniuliza, “Kasisi, kama hata mwamba waanguka, tumaini liko wapi?” Ni swali la haki. Nami nitalijibu kwa habari ya mtu mmoja aliyezaliwa katika kijiji hicho.

Mwanzoni mwa karne ya 13 alizaliwa hapo mtoto aliyeitwa Giovanni, yaani Yohana. Alipokua alijiunga na ndugu wa Fransisko wa Assisi, akaitwa Bonaventura. Alisoma na kufundisha Paris, na mwaka 1257 akafanywa mkuu wa ndugu hao wote. Alifariki mwaka 1274 katika mji wa Lyon, Ufaransa, wakati wa mtaguso mkuu wa kanisa. Vitabu vyake juu ya kumpenda Mungu vyasomwa mpaka leo katika vyuo vya theolojia, vya Wakatoliki na vya Waprotestanti pia. Nasi tulivisikia habari zake tulipokuwa wanafunzi. Ukienda Civita leo utaonyeshwa mahali ilipokuwa nyumba aliyozaliwa. Nasema mahali, kwa maana nyumba yenyewe ilikwisha kwenda bondeni. Mawe yake yamekuwa tope katika vile vijito.

Nyumba imekwisha, lakini lile ambalo Mungu alilifanya ndani ya mtoto yule halikuanguka. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, watuambia habari za Ibrahimu, aliyekaa katika mahema kwa sababu macho yake yalikuwa yakitazamia mji mwingine, ambao misingi yake haiondolewi, na fundi wake ni Mungu. Ibrahimu hakuidharau hema yake. Aliikaza kamba, akaifagia, akakaribisha wageni ndani yake. Lakini hakuitegemea.

Ndivyo itupasavyo kuishi. Tuzitunze nyumba zetu, tuyatunze mashamba yetu, tupande miti, tuzibue mifereji. Mkristo anayeacha udongo wa Mungu uende na maji, kisha anasema anangoja mbinguni, hakuisoma Biblia vizuri. Lakini tukijua kwamba kila kilima cha dunia hii, hata kilicho na mwamba juu yake, kina udongo chini. Cheo kina udongo chini. Mali ina udongo chini. Nguvu za ujana, jina jema, hata jengo zuri la kanisa tulilolichangia kwa harambee saba, yote yana udongo chini. Ni mmoja tu ambaye ukichimba chini yake hufiki penye tope, naye ni Yesu Kristo, yeye yule jana na leo na hata milele.

Kwa hiyo, mpendwa, usingoje tetemeko. Leo usiku, kabla hujazima taa, uchimbe kidogo. Uulize moyo wako, “Ni kijito gani kinachokula chini yangu?” Ukikipata, usikifiche kwa maua. Kitaje mbele za Mungu kwa jina lake. Kama umemkosea mtu, usingoje Jumapili, uende kwake kesho asubuhi. Na kama mfereji wa sala umezibika nyumbani mwako, waite watoto leo leo, hata kama ni mmoja tu aliyebaki, mkauzibue pamoja.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyeiweka misingi ya nchi, twakushukuru kwa uvumilivu wako. Umetuona tukijenga juu juu, wala hukutuangusha. Utupe nguvu za kuchimba mpaka tumfikie Mwanao. Utuonyeshe vijito vya siri vinavyotula, na utupe ujasiri wa kuvizuia vingali vidogo. Uwakumbuke wazee walioachwa peke yao katika nyumba zenye vyumba vingi. Uwarudishe watoto wao. Walinde wakaao chini ya milima wakati wa mvua kubwa, wasichukuliwe na maporomoko. Ulifanye kanisa lako kuwa nyumba yenye wenyeji, na taa yake isizimike jioni. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Bwana awabariki. Kwaherini.